Kuandaa Kwaresima katika Shule ya Msingi ya Kikatoliki: Mwongozo kwa Walimu na kwa Anayeandika Barua ya Wazazi

Shule nyingi za msingi za Kikatoliki huianza Kwaresima kwa kishindo na kuimaliza kimyakimya. Jumatano ya Majivu kanisa hujaa, mabango ya zambarau hubandikwa, na kila darasa hupewa kisanduku cha sadaka; ikifika wiki ya tatu bango limekunjamana, kisanduku kimesukumwa nyuma ya kabati, na barua ya wazazi imerudia kuzungumzia sare na ratiba ya mitihani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu mkuu, mwalimu wa dini na yule aliyekabidhiwa kazi ya kuandika habari za shule, ili wapange mambo machache ambayo watoto wanaweza kuyashika hadi Juma Kuu, na ili habari zinazokwenda nyumbani ziwe sehemu ya malezi yenyewe.

Hatua ya kwanza: wekeni kalenda mbili mezani

Pasaka huhamahama na Kwaresima huhama nayo, hivyo Jumatano ya Majivu inaweza kuangukia siku yoyote kati ya tarehe 4 Februari na 10 Machi. Kwa sababu hiyo mpango wa mwaka uliopita haufai kunakiliwa kama ulivyo. Wiki tatu hivi kabla ya Majivu, mwalimu mkuu, mwalimu wa dini na paroko au mwakilishi wake wakutane, wakiwa na kalenda ya shule na kalenda ya liturujia, wahesabu siku ambazo watoto watakuwepo shuleni kweli. Kiliturujia, Kwaresima huanza Jumatano ya Majivu na kukoma kabla ya Misa ya Karamu ya Bwana, jioni ya Alhamisi Kuu. Zile siku 40 za mapokeo hupatikana kwa kuhesabu kutoka Majivu hadi Jumamosi Kuu na kuziacha Dominika sita, kwa kuwa Dominika haiwi siku ya kufunga. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuifanya hesabu hiyo ubaoni, na apewe nafasi ya kuifanya, maana swali la kwa nini siku zinatimia 46 huulizwa na watoto wenye akili kila mwaka.

Katika kalenda hiyo zipigieni mstari sherehe mbili ambazo kwa kawaida huangukia kipindi hiki, yaani Mtakatifu Yosefu tarehe 19 Machi na Bikira Maria Kupashwa Habari tarehe 25 Machi. Siku hizo wimbo wa Utukufu, ambao kwa kawaida huachwa wakati wa Kwaresima, huimbwa, ingawa Aleluya hungoja hadi Kesha la Pasaka. Mwaka 2027 unaonyesha vizuri kwa nini kalenda isomwe mapema: Majivu ni tarehe 10 Februari, Pasaka ni tarehe 28 Machi, na sherehe ya Mtakatifu Yosefu inaangukia siku ya Ijumaa. Kanuni ya 1251 ya Sheria ya Kanisa inaondoa wajibu wa kuacha nyama Ijumaa yoyote inapoangukia sherehe, kwa hiyo jiko la shule na mwandishi wa barua ya wazazi wanatakiwa kulijua jambo hilo kabla mzazi hajapiga simu kuuliza. Mwaka huohuo tarehe 25 Machi ni Alhamisi Kuu, na sherehe ya Kupashwa Habari inahamishiwa baada ya Oktava ya Pasaka, yaani siku nane za kwanza za Pasaka.

Hatua ya pili: chagueni zoezi moja kwa kila nguzo

Injili ya Jumatano ya Majivu (Mathayo 6:1-6, 16-18) inataja sadaka, sala na kufunga. Chagueni zoezi moja tu kwa kila nguzo, na likataeni la pili hata likiletwa na mwalimu mwenye bidii. Shule iliyoahidi mambo kumi huyafanya mawili, na watoto hujifunza kwamba ahadi za Kwaresima ni za kutamka tu.

Kwa upande wa sala, zoezi linalodumu ni fupi: kila asubuhi, kabla ya somo la kwanza, darasa linasikia mstari mmoja wa Injili ya Dominika ijayo, kisha linakaa kimya kwa dakika mbili. Walimu wengi wana shaka kwamba watoto wadogo wanaweza kutulia kiasi hicho, lakini Direktori ya Misa pamoja na Watoto, iliyotolewa na Vatikano tarehe 1 Novemba 1973, inasema wazi kwamba watoto nao wana uwezo wa kutafakari kwa namna yao, na inadai ukimya upewe nafasi ili ibada isijae vitendo vya nje peke yake. Siku za mwanzo watacheka na kukohoa. Mwalimu asikaripie, akae kimya yeye mwenyewe, na asitumie dakika hizo kusahihisha madaftari.

Mistari hiyo iteuliwe mapema kwa kufuata mzunguko wa masomo ya Misa, ambao ni wa miaka mitatu: A, B na C. Dominika ya kwanza daima ni ya majaribu jangwani na ya pili ni ya Yesu kugeuka sura mlimani. Kuanzia ya tatu, Mwaka A una masimulizi marefu ambayo watoto huyapenda, nayo ni mwanamke Msamaria kisimani, kipofu tangu kuzaliwa, na kufufuliwa kwa Lazaro. Mwaka B, ambao ndio wa 2027, ni mgumu zaidi kwao, kwa kuwa una kutakaswa kwa Hekalu, maneno ya Yesu kwa Nikodemo na punje ya ngano. Hapo mwalimu wa dini awaandalie wenzake maelezo ya aya moja kwa kila Dominika. Mwaka C una mtini usiozaa, Mwana Mpotevu na mwanamke aliyefumaniwa, na hili la mwisho linahitaji mwalimu mwenye busara katika madarasa ya chini, akazie mawe yaliyoachwa chini na neno la msamaha.

Hatua ya tatu: Jumatano ya Majivu

Majivu hutokana na matawi yaliyobarikiwa Dominika ya Matawi ya mwaka uliotangulia. Basi barua ya kwanza, wiki mbili kabla, iziombe familia zirudishe matawi yaliyokauka nyumbani, na watoto wakubwa washuhudie yakichomwa chini ya uangalizi wa mtu mzima. Mtoto aliyeleta tawi lake mwenyewe hahitaji hotuba ndefu kuhusu asili ya kile anachopakwa.

Kuyabariki majivu ni kazi ya padre au shemasi. Ikiwa hakuna anayeweza kufika shuleni, ombeni parokia iwape majivu yaliyokwisha kubarikiwa, kisha mfanye Liturujia ya Neno, na walei waliokabidhiwa wasaidie kuyatoa. Yanapopakwa hutamkwa mojawapo ya maneno mawili, ama "Tubuni na kuiamini Injili" au lile la kumkumbusha mwanadamu kwamba yeye ni mavumbi na mavumbini atarudi. Kwa madarasa ya chini la kwanza linafaa zaidi. Hata kwa wakubwa, mwalimu wa darasa amweleze padre mapema kama kuna mtoto aliyezika mzazi au bibi yake hivi karibuni, kwa kuwa mtoto huyo atayasikia maneno ya mavumbi tofauti na wenzake.

Majivu ni kisakramenti, yaani ishara takatifu iliyowekwa na Kanisa, si sakramenti, hivyo mtoto asiye Mkatoliki anaweza kuyapokea akitaka na wazazi wake wakiridhia. Asiyetaka abaki kwenye benchi bila kuulizwa. Kwa vitendo: majivu yawe laini na machache, watoto waambiwe wafumbe macho maana makavu hudondoka, na kila anayepaka awe na kitambaa chenye unyevu cha kujifutia kidole. Darasa la kwanza na la pili watangulie, kwa sababu foleni ndefu huimaliza ibada kabla haijaisha.

Hatua ya nne: kufunga kwa wasiolazimika kufunga

Hapa ndipo barua za shule hukosea mara nyingi. Kanuni ya 1252 inawapa wajibu wa kuacha nyama waliotimiza miaka 14, na wajibu wa kufunga waliotimiza miaka 18 hadi mwanzo wa mwaka wao wa 60. Wanafunzi wa shule ya msingi, karibu wote, hawabanwi na wajibu hata mmoja kati ya hiyo miwili. Kanuni hiyohiyo, hata hivyo, inawaagiza wachungaji na wazazi wawalee watoto hao katika maana halisi ya toba. Kwa hiyo barua isiseme kwamba watoto "wanapaswa kufunga", na mwalimu wa zamu ya chakula aangalie ni nani anayesogeza sahani pembeni. Mtoto akiruka mlo kwa kusema amefunga, aitwe faraghani na aelezwe kwa upole kwamba Kanisa halimwombi hivyo. Wakati mwingine itagundulika kwamba anaumwa au ana huzuni, na hilo ni jambo lingine kabisa.

Kujinyima kunakofaa umri huo ni kwa kitu kilicho chake mwenyewe, kama muda wa kuangalia katuni, kitu kitamu alichozoea, haki ya kuwa wa kwanza kwenye bembea, au tabia ya kumcheka mwenzake anayesoma kwa kugugumia. Mwalimu asipange azimio moja kwa darasa zima. Kila mtoto aandike lake kwenye karatasi ndogo, alitie katika bahasha, aigundishe na kuandika jina lake juu, kisha bahasha zote zihifadhiwe hadi mwisho wa kipindi.

Mabango ya ukutani yenye picha ya kila mtoto na azimio lake yanapendeza machoni pa wageni, lakini yanapingana na Injili iliyosomwa siku ileile ya Majivu, ambayo inataka mtu anayefunga ajipake mafuta na kunawa uso ili watu wasijue. Ukuta upambwe kwa kitu kingine: mstari wa Injili wa wiki, msalaba, kitambaa cha zambarau, na Dominika ya nne ikikaribia, kitambaa cha waridi.

Hatua ya tano: sadaka

Sadaka iwe na lengo moja linaloeleweka, na litajwe kabla kisanduku hakijafunguliwa. Paroko ataeleza kama jimbo lina mchango wake wa Kwaresima. Shule inaweza pia kuungana na Shirika la Kipapa la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson kwa wazo kwamba watoto wawasaidie watoto wenzao kwa sala na kwa mchango mdogo. Wazo hilo la mchango mdogo lilindwe sana, maana fedha kubwa iliyotumwa na mzazi ndani ya bahasha ni ukarimu wa mzazi, na haijamgharimu mtoto chochote.

Madarasa yasishindanishwe. Jumla ya shule nzima itangazwe mara moja, mwishoni. Hesabu ifanywe na watu wazima wawili, iandikwe kwenye daftari na kutiwa sahihi, na stakabadhi ihifadhiwe ofisini. Kwa mtoto ambaye nyumbani hakuna cha kutoa, sadaka ya kazi ipewe hadhi ileile: kumsaidia mwenzake hesabu wakati wa mapumziko, au kufagia kanisa Ijumaa. Mwalimu aitaje sadaka hiyo kwa darasa zima kama njia iliyo wazi kwa wote, asimnong'oneze maskini peke yake.

Hatua ya sita: Njia ya Msalaba kila Ijumaa

Vituo ni 14, idadi iliyothibitishwa na Papa Klementi wa Kumi na Mbili mwaka 1731. Kwa watoto wa madarasa ya chini, vituo vyote kwa mara moja ni vingi mno. Wapeni vitatu au vinne kila Ijumaa, ili hadi Juma Kuu wawe wamevipitia vyote. Kituo cha nne, Yesu anapokutana na Mama yake, cha tano, Simoni Mkirene anaposaidia kuubeba msalaba, na cha sita, Veronika anapompangusa uso, ndivyo vinavyowagusa haraka, kwa kuwa vina mtu anayemjia Yesu karibu. Simoni hasa anafaa kukaliwa muda mrefu. Alikuwa mpita njia tu, alishurutishwa, wala hatuambiwi alijisikiaje. Muulizeni mtoto ni lini alilazimishwa kusaidia, na mazungumzo yataendelea yenyewe.

Msalaba wa maandamano uwe wa mbao na uzito ambao mtoto wa miaka minane anaweza kuubeba bila kuyumba. Maigizo ya kupiga viboko yaepukwe, kwa sababu watoto huishia kucheka au kuogopa. Anayeandaa maelezo awe makini pia na maneno kuhusu Wayahudi: tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Nostra Aetate, la mwaka 1965, linakataza kuwatwisha Wayahudi wote mzigo wa mateso ya Kristo, na sentensi ya ovyo inayosikika katika darasa la tatu hubaki kichwani kwa maisha yote.

Hatua ya saba: Sakramenti ya Kitubio

Pangeni Kitubio kwa watoto waliokwisha kuungama mara ya kwanza, katika wiki ya nne au ya tano, mapadre wakiwa hawajalemewa na kazi za Juma Kuu. Fanyeni hesabu mapema. Mtoto mmoja akichukua dakika tatu, watoto 40 mbele ya padre mmoja ni saa mbili. Wakiwepo mapadre watatu, ni chini ya dakika 45. Shule ambayo haikufanya hesabu hii hujikuta ikiwaharakisha watoto wa mwisho, ambao mara nyingi ndio waoga waliojirudisha nyuma ya foleni.

Kabla ya siku hiyo, mwalimu wa dini awasaidie kutafiti dhamiri kwa maswali yanayogusa maisha yao. Je, kuna mtu niliyekataa kucheza naye? Nilisema uongo ili mwingine aadhibiwe? Nilichukua kitu na bado hakijarudi? Niliacha kusali kwa uvivu? Maswali matano au sita yanatosha. Watoto wakumbushwe kwamba padre hawezi kamwe kusema alichosikia, wala kwa mwalimu wala kwa mzazi, na kwamba wakisahau maneno ya sala ya kutubu padre atawaongoza.

Sehemu ya kuungamia iwe mahali ambapo mtoto na padre wanaonekana na wote lakini hawasikiki, viti vya wanaosubiri viwe mbali, na mwalimu asisimame katikati. Hakuna anayelazimishwa. Asiweko mtu wa kuandika majina ya walioungama, na asiyetaka apite mbele ya padre kwa baraka tu, au abaki akisali. Watoto ambao bado hawajaandaliwa wafanyiwe ibada ya toba yenye somo, wimbo na kimya, na barua ya wazazi ieleze kwa sentensi moja kwamba ibada hiyo si sakramenti, ili mzazi asidhani mwanawe ameungama.

Hatua ya nane: barua ya kila wiki

Barua itoke Alhamisi, si Ijumaa jioni, ili Injili ya Dominika ifike nyumbani kabla ya Dominika. Iwe ukurasa mmoja: kwanza mstari wa Injili pamoja na swali moja la kuulizana mezani, kisha tukio moja lililotokea, halafu jambo moja la kufanya nyumbani, na tarehe mwisho. Matangazo ya ada, sare na usafiri yawekwe kwenye karatasi nyingine.

Sehemu ya tukio ndiyo inayompa mwandishi taabu, kwa sababu mazoea humvuta kuandika hivi: "Ijumaa iliyopita shule yetu ilikuwa na Njia ya Msalaba iliyofana sana, na wanafunzi wote walifurahia." Sentensi hiyo haina habari, na kwa ibada ya mateso ya Bwana neno "ilifana" halikai vizuri. Ijaribiwe hivi:

"Ijumaa iliyopita darasa la tatu liliongoza kituo cha tano. Watoto wanne waliubeba msalaba kwa kupokezana, na kila aliyepokea alitaja kimoyomoyo mtu mmoja anayemwona amechoka. Nyumbani wiki hii, mwombeni mtoto achague kazi moja ya mtu mwingine na kuifanya bila kuambiwa. Dominika tutasikia habari ya mwanamke Msamaria. Ulizaneni: Yesu alimwomba nini kwanza?"

Hapo mzazi ambaye hakuwepo ameona kitu, na amepewa la kufanya. Kwa kuwa barua inasomwa pia na wazazi wasio Wakatoliki, maneno kama Kwaresima, kituo au Kitubio yaelezwe kwa ufupi yanapotajwa mara ya kwanza. Picha zitumike kwa ruhusa ya maandishi ya mzazi. Asipigwe picha mtoto anayeungama au anayelia, na jina lake lisiambatanishwe na kiasi cha sadaka.

Hatua ya tisa: Juma Kuu na barua ya baada yake

Mara nyingi shule hufungwa kabla ya Juma Kuu au katikati yake, na kishawishi kikubwa ni kuifanya Pasaka kwenye ukumbi wa shule siku ya mwisho, pamoja na nyimbo za Aleluya. Afadhali kishawishi hicho kishindwe. Siku ya kufunga shule wapeni watoto bahasha zao wazifungue wenyewe, bila kuzisoma kwa sauti, na barua ibebe ratiba ya parokia ya Dominika ya Matawi, Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu na Kesha la Pasaka, pamoja na maelezo mafupi ya kile familia itakachoona: mavazi mekundu ya Matawi, kuoshwa miguu, kuabudiwa kwa Msalaba, moto na mshumaa wa Pasaka gizani. Familia ambayo haijawahi kufika kwenye Kesha itatiwa moyo zaidi na saa iliyoandikwa wazi kuliko na mahimizo.

Sherehe ya Pasaka ya shule ifanyike watoto watakaporudi, na hakuna aliyechelewa, kwa kuwa kipindi cha Pasaka huendelea siku 50 hadi Pentekoste. Aleluya iimbwe siku hiyo kwa nguvu zote. Katika barua ya wiki hiyo itangazwe jumla ya sadaka, siku ilipokabidhiwa na aliyeipokea. Na jibu la shukrani likifika baadaye, lisomwe katika kila darasa kabla halijabandikwa ofisini.